Noti Chini ya Migomba

Jumatatu, 2 Agosti 1943

Cherehani tangu asubuhi. Kaptula za jeshi, haziishi. Mazoezi jioni, tulitokea tisa tu. Golikipa wetu Loti yuko vitani, na mahali pake amesimama muuza maziwa anayeogopa mpira. Mpira wenyewe umechanika, hautengenezeki tena. Jumapili tunacheza na timu ya askari hapa kwetu, na mwenyeji ndiye anayeleta mpira. Tusipouleta, tunafutwa kwenye ligi. Sina wasiwasi. Fedha za timu anatunza mama yake Loti, kule Sokon mlimani. Mwaminifu kuliko sisi sote.

Jumatano, 4 Agosti

Nimepanda Sokon. Mama Loti alichimba chini ya migomba, palepale anapofukia kopo miaka yote. Likatoka limejaa udongo na mchwa. Zamani tulimpa shilingi za fedha, sarafu ngumu. Mwaka huu madini yamekwenda vitani, serikali imeleta shilingi za karatasi, tukampa hizo. Akafukia kama alivyozoea. Hatukumwambia kuwa karatasi haifukiwi, hata mimi nahodha. Alikaa chini akaokota vipande. Nilitaka kulia.

Alhamisi, 5 Agosti

Benki. Karani alivitazama vipande. Akasema noti ni ahadi tu, wenye ahadi wako London, nao wanataka kuona namba. Namba zimeliwa. Nimerudi na hasira zangu. Shilingi ya fedha haikuulizwa namba na mtu.

Jumamosi, 7 Agosti

Timu imekutana kibandani kwangu, Levolosi. Nimewaambia fedha nimezipoteza mimi. Makelele! Juma, winga wetu, kaniita mwizi. Wamenivua unahodha. Imeniuma sana. Lakini yule mama mwanawe yuko vitani, hana kilichobaki ila jina lake.

Jumapili, 8 Agosti

Uwanjani bila mpira. Refa anatazama saa. Mara Mama Loti huyo, kashuka kwa miguu. Nahisi muuza maziwa ndiye aliyempelekea habari. Shikamoo zikapigwa kila upande. Hakukaa.

"Fedha nilifukia mimi, zimeliwa na mchwa. Huyu fundi anawadanganya kwa ajili yangu."

Alisema mbele ya wote, askari wakisikia. Juma akainama. Sajini wao akaurusha mpira wao katikati ya uwanja, akamwambia refa apige filimbi. Tumefungwa vibaya mno. Sijawahi kufungwa nikafurahi hivi.

Jumatatu, 16 Agosti

Kaptula tena. Jana timu ilichanga upya, noti za karatasi vilevile. Hakuna aliyebisha kuhusu nani atunze. Juma mwenyewe alinikabidhi kopo, tukapanda naye Sokon. Mama Loti alikataa, tukabembeleza, akapokea. Safari hii kaliweka darini juu ya mafiga, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Mchwa hawafiki pale. Kando yake nimeiona jezi ya Loti, imekunjwa vizuri. Nyeusi kwa moshi, lakini nzima.