Ule haukuwa mukutano

Jumanne, Kolwezi.

Wewe shefu wa kartie, wa mutaa wetu huu, usirudie kuita ile kitu mukutano. Kwa mukutano batu banaikala, mutu anauliza, anajibiwa. Hata kwa kilio tunafanya vile. Wewe ulisoma barua ya kutuhamisha sababu ya mugodi, ukaikunja, ukapitisha karatasi ya majina: "Mukutano umekubali, musaini."

Mi nikauliza: "Tata shefu, nani alikubali?"

"Mama, weka tu kidole, jua ni kali."

Sikuweka. Lakini majirani mingi baliweka, na ile inanitia woga. Matofali ya nyumba hii tulifyatua mi na marehemu bwana yangu.

Kesho asubuhi nipite mulango kwa mulango: kila mutu akuye kwako akafute jina yake, kisha wewe utuite upya, na sisi tuseme.