Mpaka Bi Sitara Atoke Eda

Magomeni Mapipa
10 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tulipoachana pale kaburini kwa Elimringi, na mguu unaendeleaje? Sisi hatujambo, Joyceline amerudi shule. Nakuandikia barua na kuituma kwa basi kwa sababu simu huisikii, na shemeji Hillary akikufikishia maneno yangu huongeza ya kwake.

Duka nimelifungua. Kariakoo hakuna nafasi ya kulia. Mteja anataka ndoo, unampa ndoo. Jioni ndiyo ngumu. Nikifika uani bado naangalia kamba kama taulo lake limekauka.

Mama, mwenye nyumba wetu Mzee Bushiri naye amefariki, mwezi uliopita. Mwanawe wa mke mkubwa, Abdulmalik, anaiuza nyumba. Ni ya zamani, vyumba sita na korido katikati, bati lina kutu. Lakini mjini ni karibu. Elimringi alikuwa akisema anafika dukani kabla chai haijashuka tumboni. Humu ndimo nilimoishi naye tangu harusi. Mwingine akiinunua ataibomoa ajenge ghorofa. Mimi ningeiacha ilivyo.

Akiba yangu inafika nusu. Nusu nyingine ipo benki kwa jina la Elimringi, na haitoki mpaka ukoo ukae kikao na kuniteua msimamizi wa mirathi, ndipo niende mahakamani. Wewe ukisema neno wazee watakaa. Naomba uliseme.

Mwanao,
Mama Joyceline


Machame
24 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipokea barua yako na nimeisoma mwenyewe, polepole. Mguu ni uleule. Mvua ikikaribia unaniambia kabla ya redio. Ng'ombe amezaa ndama dume, basi hata yeye hakunifurahisha.

Pole kwa msiba wa mwenye nyumba. Lakini hilo la kununua, hapana. Sisi mjini tunapanga, nyumbani tunajenga. Baba mkwe wako alipanga Moshi miaka yake yote na hakuwahi kununua hata kibanda. Msingi alioujenga Elimringi uko hapa mbele ya mlango wangu, nauona kila ninapofungua. Pesa ya benki ni ya msingi huo.

Ukinunua huko, Desemba ya kwanza utakuja. Ya pili utamtuma mtoto. Ya tatu utatuma salamu. Kaburi atalifagia nani, mimi na mguu huu?

Sisemi kwa ubaya. Kikao sitakiitisha. Nimekutumia ndizi, usiziache zikaiva.

Mama yako


Magomeni Mapipa
21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ndizi zilifika zikiwa mbichi kabisa, asante. Mvua huku haikatiki, korido ina maji, na kikohozi kimenishika kidogo. Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa na aibu.

Baada ya barua yako niliona nitafute njia nyingine. Hillary alisema labda atanikopesha, ila kwanza aione nyumba. Akaja na dalali, Khalfani, na futi ya kupimia. Wakapima kila chumba. Khalfani akawa anatania, eti hapa nanunua mpaka panya. Walipofika chumba cha Bi Sitara, mjane wa Mzee Bushiri, wakasogeza pazia wakaingia. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika upande wa pili wa futi.

Mama, Bi Sitara yuko eda. Miezi minne na siku kumi mjane wa Kiislamu hukaa ndani, na wanaume wasio ndugu zake hawamwoni. Nimekaa Magomeni muda wote huu, nilidhani eda ni kutokwenda sokoni tu. Alijifunika kanga kichwa kizima akageukia ukuta. Hillary akasoma vipimo, nami nikaviandika.

Kwa siku kadhaa hakunisalimu. Nilipokwenda kuomba radhi nilipiga magoti. Akaniuliza:

"Mama Joyce, wewe ulikaa siku ngapi?"

Nikamwambia tulizika, tukamaliza matanga, nikapanda basi, kesho yake nikafungua duka.

"Hukukaa?"

"Sikukaa."

Akasogea kwenye mkeka. "Basi kaa na mimi kidogo. Hutanipunguzia kitu."

Nilikaa mpaka adhana ya magharibi. Mama, nililia kama vile habari ya msiba nilikuwa nimeletewa saa ile. Sasa nikifunga duka napita kwake kwanza. Huwa hatusemi mengi. Juzi nilimweleza jinsi Elimringi alivyokuwa akichovya mkate kwenye chai mpaka unamponyoka, akacheka.

Abdulmalik alitaka nilipe nusu sasa, na Bi Sitara ahamishwe nyumba ikabidhiwe tupu. Nimekataa. Nimemwambia silipi wala mtu hatoki mpaka eda iishe. Amekubali kunisubiri hadi hapo, mwisho wa Juni. Amesema zaidi ya hapo hawezi, ndugu zake wanamsumbua. Hillary naye amekasirika, hakopeshi tena.

Kwa hiyo nimerudi kwako. Sina mwingine. Naomba kikao kikae kabla ya Juni.

Mwanao,
Mama Joyceline


Magomeni Mapipa
27 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ukimya wako si wa ugonjwa. Hillary anasema u mzima, ila haniambii zaidi. Mimi ni mzima, nimechoka tu.

Bi Sitara ametoka eda juzi. Wanawake wa mtaa walimwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamtoa mpaka barazani. Alisimama akatazama barabara muda mrefu, akasema pikipiki zimeongezeka.

Jana Abdulmalik alikuja. Alitimiza ahadi yake, simlaumu. Aliniuliza kama pesa iko tayari, nikamwambia haiko. Jioni akauza kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka ghala. Bi Sitara anakwenda kwa dada yake Bagamoyo. Mimi nimepata chumba Tabata, Jumamosi nahama. Nikishazoea nitakutumia maelekezo.

Sikulaumu, mama. Hiyo pesa sasa ijenge juu ya ule msingi.

Mwanao,
Mama Joyceline


Machame
28 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, ingawa sijapata barua yako nyingine baada ya ile ya Bi Sitara. Mimi sijambo. Ndama tumemuuza.

Nilikawia kujibu. Barua ile niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Alipofariki baba mkwe wako wanawake walikaa nami hapa mpaka mimi mwenyewe niliposema inatosha. Wewe nilikufungia ndizi nikakupandisha basi. Nilikuwa na huzuni yangu, sikuiona yako.

Mvua zilipopungua nikawaita wazee. Walibisha mara mbili, Hillary akachochea. Jana wamekubali na wameweka sahihi. Msimamizi ni wewe. Ndani ya msingi nimepanda maharage, yamestawi.

Kwa hesabu yangu Bi Sitara anatoka eda wiki hii, basi hatujachelewa. Hati ya kikao nakuletea mwenyewe, siiamini mikononi mwa konda. Jumatatu napanda basi. Hillary sijamwambia, atanizuia kwa ajili ya mguu. Nikishuka Mbezi nitachukua basi la mwendokasi mpaka Magomeni, nitauliza nyumba ya marehemu Bushiri. Usinijibu, barua haitanikuta. Nitandikie popote, hata kwenye ile korido yenye maji.

Mama yako