Laini Isiyo na Kadi

Tecla binti yangu,

Nimeenda kupanda basi la Kigali. Kamua yule ng'ombe mweusi kwanza, na majani ya chai yafike kituoni kabla ya lori.

Sasa maneno ya asubuhi. Joan wako, huyu mjukuu wangu, aliniwekea laini ya safari kwa simu. Nikamuuliza kadi iko wapi. Akacheka: "Kugo, hii ni eSIM, haina kadi. Iko ndani tayari." Miaka yote nimetembea, laini naiingiza kwa mkono wangu. Hii alielekeza kamera tu kwa mraba wa madoa. Halafu akafungua mahali pengine, simu ikauliza kama nakubali watu wa nyumbani waone nilipo. Akabonyeza ndiyo kabla sijavaa miwani.

Nani alimtuma? Najua bado una ile safari ya Ndanai moyoni, niliposema siku mbili nikakaa mwezi.

~~Simu nimeiacha chini ya mto.~~

Nimeenda nayo. Laini nimeiacha ndani, lakini hiyo ya kunichungulia nimeizima mwenyewe, imenichukua nusu saa. Ukitaka kujua nilipo, piga uniulize. Nitashika, hata nikiwa nimekasirika.

Baba yako