Kibali cha Kulea Watoto

Jumanne, Nachingwea

Kumbe kosa letu lilikuwa nguo! Mama zao, vibarua wa mashamba ya karanga, waliwaleta watoto wote tisa ninaowalea mchana wamevalishwa nguo za Idi, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, na kila mmoja ameonywa asijichafue. Bwana Afya alipokuja kuikagua nyumba yangu kwa mara ya kwanza, aliwakuta wamekaa mkekani kimya, hata kujikuna hawathubutu.

"Bibi, hawa watoto wanaumwa?" Akachutama, akaanza kuwashika mapaji ya uso.

Nikaona kibali kinaniponyoka. Bila kibali, kesho wangerudi kushinda juani migongoni mwa mama zao, na mimi…

Ndipo Somoe, wa miaka mitatu, akainuka. "Bibi, mkojo!" Akavua gauni, akamkabidhi Bwana Afya alishike, akakimbilia chooni. Akafunika tundu, akatoka, akachota maji mtungini, akanawa mikono. Sikumwambia neno. Wenzake nao wakavua wakamfuata, na uwanja ukajaa kelele.

Bwana Afya alicheka, gauni bado mkononi. "Kule kwenye kambi ya vibarua watu wazima wamenishinda kwa hilo, Bibi. Wewe umewawezaje hawa?"

"Kwa kuwaambia kila siku, mwanangu."

Akatoa karatasi. "Kwenu wapi?"

Miaka thelathini nimekuwa nikijibu: ng'ambo ya mto Ruvuma, nilikozaliwa. Leo nikasema, "Hapa hapa."

Akaandika Nachingwea, akapiga muhuri.