Naomba Kulipiga Gari Lako

Jumatano, 5 Juni

Betri mbili zimejaa. Lenzi nimeifuta kwa flana ya marehemu mke wangu, Mama Neema. Flana ile inafuta kuliko vitambaa vyote vya dukani. Treni ya bluu ya Stockholm kutoka Hallonbergen, halafu basi. Saa kumi na moja jioni niko uwanjani, jua bado kali kama la saa nane.

Hiki ni kiangazi cha tisa nawapiga picha hawa wazee wa bati, magari ya zamani, kila Jumatano. Waswidi wamenizoea kama walivyozoea mvua. Leo Mimarekani ilikuwepo, ile yenye mapezi nyuma, na vijana wao wa miaka sabini wenye nywele za mafuta. Volvo tele. Volvo zimenichosha.

Halafu likaingia Pijo. Mia nne na nne. Rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Gia kwenye usukani. Tundu la hendeli kwenye bampa ya mbele. 

Teksi yangu ya Arusha ilikuwa hii hii. Mama Neema nilimpatia humo. Abiria wa Moshi. Alikaa mbele, akashusha kioo nusu, akanikosoa uendeshaji mpaka Moshi. Picha ya gari lile sina. Ya Mama Neema wa siku zile sina pia. Nalitaka hili Pijo ndani ya kamera yangu. Sitaki kingine.

Mwenyewe ni bibi wa Kiswidi, Bi Gunilla, mjane. Nikamwendea na Kiswidi changu cha miaka thelathini. Nikamwambia asogee pembeni, anaziba bampa. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. Akasema gari la marehemu mume wake halipigwi picha. Basi.

Kichwa maji mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeliota Pijo. Bibi hakuwemo. Ndoto zina adabu kuliko watu.

Jumatano, 12 Juni

Pijo limekuja tena. Nimezunguka mbali kama mwizi wa kuku.

Papa Dezire naye yupo. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Fittja, ana miaka miwili hapa Stockholm na Kiswidi chake bado kinatambaa. Uwanjani nilimleta mimi mwenyewe mwaka jana, nilipochoka kuwa mweusi peke yangu. Kosa langu la kwanza. Hana kamera. Ana simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Kila wiki wenye chama cha magari hubandika picha moja kwenye ubao wa mwuza soseji. Mimi kwa miaka minane nimebandikwa mara mbili. Yeye mwaka jana peke yake mara nne. Kwa simu ile!

Leo ananifuata, mpole kama padri. "Vieux," ananiita, maana yake mzee kwa Kifaransa chao, "mama ya ile Pijo ni mukali. Nitamuomba aje kwa Kiswidi nipige picha?"

Shetani hakuchelewa. Kwetu picha hupigwa. Mswidi hapigi picha, anaichukua tu, kama mtu achukuavyo mkate dukani. Neno lao la kupiga, slå, ni la kofi na rungu. Nikamfundisha hilo hilo: "Får jag slå din bil?" Naomba kulipiga gari lako. Kulipiga kweli, kwa nyundo.

Amelikariri kwenye basi mpaka tunaagana. Kama anasali rozari. Nimecheka peke yangu kutoka kituoni hadi mlangoni.

Jumatano, 19 Juni

Nilijificha nyuma ya kibanda cha soseji nione Mkongo akifukuzwa.

Akavua kofia. Akainama. Akasema neno lake, kila herufi mahali pake, kwa sauti ya kuhubiri. Bi Gunilla akakumbatia mkoba. Halafu bibi akacheka. Akacheka mpaka akashika kioo cha pembeni. Dezire akababaika, Kifaransa kikamtoka. Na bibi akamjibu Kifaransa! Kumbe alikaa Ufaransa na mumewe, gari walilinunulia huko.

Saa nzima. Simu iliyopasuka imelipiga Pijo mbele, nyuma, ubavuni, bibi ameegemea boneti na kucheka kama msichana. Mimi na lenzi yangu ndefu nimekula soseji mbili ambazo sikuzitaka.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Ijumaa, 21 Juni

Sikukuu yao ya kiangazi. Niko kwa Neema, binti yangu. Samaki wa siki, viazi, nyimbo zao za kuruka kama vyura. Nimekula nimenuna. Nikamsimulia yote kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake, eti mimi ni svartsjuk. Ndilo neno lao la wivu wa mapenzi. Svart ni mweusi, sjuk ni mgonjwa. Nikamwambia weusi nimezaliwa nao, ugonjwa nimeupatia huku.

Akauliza namwonea wivu bibi au Mkongo.

Gari, nikasema. Hakuamini. Nikaongeza samaki.

Jumatano, 3 Julai

Imebandikwa. Kubwa, katikati ya ubao. Bi Gunilla amekaa juu ya bampa, viatu amevua, vidole vya miguu vinaonekana. Pijo nyuma yake limetulia kama ng'ombe aliyeshiba.

Nikamwambia mwuza soseji picha imeinama upande. Akaweka kichwa upande. Akasema sasa imenyooka.

Usiku nimetafuta, sina picha yoyote kama ile. Mchana pia sina. Magari yangu miaka yote nimeyapiga matupu. Mtu akisimama karibu nilikuwa namfukuza.

Jumatano, 10 Julai

Sasa uwanja mzima unasalimiana kwa neno langu. Wale vijana wa miaka sabini wanapigana mabega: "Får jag slå din bil?" Ha ha ha. Wanamnunulia Dezire kahawa. Neno ni langu! Nimelitunga mimi! Na siwezi kulidai.

Jumatano, 7 Agosti

Habari mbaya. Bi Gunilla anauza. Mnunuzi ni wa Ufini, analichukua mwisho wa mwezi. Hakuna Pijo jingine humu mjini, kama lipo limefichwa.

Nikaamua kuiba. Nikapanda juu ya ukuta mdogo na lenzi ndefu. Nikalenga. Nikabonyeza. Mtu akakatiza. Nina picha moja, kali sana, ya kiwiko chenye haradali.

Dezire akanikuta bado niko ukutani. Akanipa mkono nishuke. Tukakaa.

"Vieux, mwalimu yangu ya Kiswidi alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza nani alinifundisha ile neno."

"Lini hiyo?"

"Mwezi ya sita. Siku yenye kufuata."

"Umejua muda wote huo?"

"Nimejua. Weye uko mubaya, vieux. Lakini neno inafungua milango. Nitaitupa juu ya nini?"

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama lenzi. Nikamwambia kwa nini nalitaka lile Pijo. Arusha, teksi, kioo nusu, Mama Neema na mdomo wake. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, Neema mwenyewe sijamwambia. Hakusema pole. Alisema, "Sasa ungeniambia mbele ya haya yote."

Nimemchukia zaidi. Mtu akikosewa akasirike, apunguze mzigo wa mwenziwe.

Jumapili, 25 Agosti

Dezire alipiga simu asubuhi. Tukaenda Farsta, kwa Bi Gunilla. Pijo uani, limeoshwa kwa safari.

Nilikuwa na hotuba ya kuomba radhi kuhusu ile habari ya kusogea pembeni. Sikuifikisha. Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema niombe ruhusa vizuri, kama rafiki yangu alivyoomba. Dezire akatazama mawingu.

Basi nikavua kofia. Nikasema, mimi niliyelitunga: "Får jag slå din bil?"

Bibi akanijibu, "Piga, vieux!" Dezire amemfundisha Kiswahili! Hata hicho amekichukua!

Akanipa funguo. Nikakaa kwenye usukani. Mkono ukaenda kwenye gia wenyewe, bila kuniuliza. Kiti kinalia pale pale kilipokuwa kinalia changu. Nikashusha kioo cha upande wa pili, nusu. Kiti kile kitupu kikanitazama. Nilisubiri kukosolewa.

Dezire alinipiga hapo, mbele, kwa simu yake. Sikumwona.

Kisha nikatoa kamera. Betri mbili zimejaa, na nilipiga picha moja tu. Kiti cha abiria na kioo nusu. Nilibonyeza kabla lenzi haijatulia.

Jumatano, 28 Agosti

Sikwenda uwanjani. Mvua.

Pijo limepanda meli jana, Dezire amesema. Amenitumia picha yake, Neema akaichapa. Mzee yuko kwenye usukani, ameangalia upande wa abiria, mdomo wazi kidogo kama anajibu mtu. Neema aliitambua sura ile ya kubishana na mama yake njiani. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Baba, ulikuwa unamwambia nini Mama?"

Nikamwambia kwamba taa ilikuwa bado ya kijani.

Yangu imetoka na ukungu. Nimezibandika zote mbili jikoni. Ya Dezire juu, maana ni nzuri zaidi. Yangu chini.

Dezire akija kunywa chai nitazibadilisha nafasi.