Muhuri Ambao Sikuupiga

Paris, Jumapili

Dada Clotilde,

Barua hii ichome. Hata shemeji asijue.

Ile picha ya mchoraji Carrouge, inayoonyesha mfua nguo aliyekalia kiti cha hakimu, baraza la maonyesho liliikataa. Mimi karani nilipaswa kuipiga nyuma muhuri mwekundu wa kukataliwa. Mkono uligoma. Nikaipeleka kwenye picha zilizokubaliwa.

Leo kuingia maonyeshoni ni bure, na wafua nguo wamefurika.

"Mzee, vua kofia! Hakimu ameketi!" wakamtania mkuu wa baraza.

Nikajua nimekwisha. Aliitazama picha, akautazama umati, akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyeipigania!" akasema.

Nimemweleza Carrouge. Kanikumbatia mpaka koti langu limejaa rangi.

Usiandike ofisini, huko barua hufunguliwa. Andika kwake, mtaa wa Lepic, juu ya duka la mkate.

Nduguyo,
Firmin