Usimfungulie Mbwa

Baba Lusia,

Ukirudi kutoka Segese kuchaji betri ya hiyo mashine yako ya kutafutia dhahabu, michembe ya viazi iko kwenye sufuria, ipashe. Maji ya kunywa nimechota. Mbwa nimemfunga nyuma ya jiko. Usimfungulie mpaka kaburi la Lusia lifukiwe.

Asubuhi nilipokukuta umelichimba mpaka magotini, ulisema mashine imelia pale kama ilivyolia siku ile kwenye kichuguu, ulipopata kile kipande kikubwa kama kiazi. Ukasema labda mwanetu ametuachia baraka. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalia.

Sasa nakujibu. Siku ya mazishi ninyi wanaume mlikuwa nje mnachimba, sisi tulikuwa ndani tunamwosha. Nikamshikisha mkononi medali yangu ya Bikira Maria, ile niliyopewa siku ya Kipaimara. Hiyo ndiyo inayolia. Haiuziki, na ni ya mtoto.

Nimerudishia udongo mpaka viganja vikachubuka. Nusu iliyobaki ni yako, jembe nimeliacha palepale. Wewe uliyekuwa unaogopa hata kuchinja kuku.

Chumvi imeisha.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Niko Ushirombo kwa mama. Ukija, uje mikono mitupu, na uwe umemaliza kufukia.

Huko machimboni siku hizi wanakuita Bosi, na unaitika. Mimi sina jina jingine.

Mama Lusia